Ondoeni Viza Kwanza, Bendera Tutaongea

Kila jina la Mayotte linapopanda mtandaoni, Wakenya wa rika langu hukimbilia sentensi moja: Mayotte ni ya Komoro, Ufaransa itoke Afrika. Tuliiandika Aprili 2023, polisi wa Ufaransa walipoingia kubomoa mabanda ya watu katika operesheni waliyoiita Wuambushu. Tukaiandika tena Desemba 2024, kimbunga Chido kilipokifagia kisiwa hicho. Tukaiandika kwa hasira zaidi siku chache baadaye, Rais Macron alipowaambia watu waliokuwa wakimzomea kwamba kama si Ufaransa, wangekuwa ndani ya mavi mara 10,000 zaidi. Halafu wiki ikaisha, kukatokea kitu kingine cha kukasirikia, tukahama.

Sina ugomvi na sentensi yenyewe. Kisheria naiamini, na nitaeleza kwa nini. Ugomvi wangu ni kwamba ni rahisi mno. Imesemwa kwa miaka 50, New York na Addis Ababa, na watu wenye suti nzuri kuliko zetu, na sijaona ni nani imemwokoa asizame. Mimi nasema hivi: kabla hatujabishana ni bendera ya nani ipepee pale, kuna karatasi moja inayoua watu kila mwaka, na Paris inaweza kuifuta leo ikitaka. Ni viza ya 1995. Anayeipigania Mayotte bila kuitaja viza hiyo anapigania ramani tu.

Basi tuanze na hiyo ramani, maana shuleni tulipita Komoro kwa mbio kama basi linalokimbilia mwisho wa steji. Kati ya Msumbiji na Madagaska kuna visiwa vinne. Wenyewe huviita Ngazidja, Ndzuani, Mwali na Maore. Maore ndiyo Mayotte. Wazee wa Pwani hawahitaji kuelezwa hili. Wangazija wamekaa Mombasa na Zanzibar kwa vizazi, wameoa na kuolewa, wamesomesha dini, wamezikwa humo. Lugha ya Maore, Shimaore, ni ya ukoo mmoja na Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo.

Mimi mwenyewe niliijua Maore kwa sikio kabla sijaijua kwa kitabu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikinishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika: makala hapa, manukuu ya video pale. Siku moja nikatumiwa faili ya sauti iliyoandikwa kwamba ni Kiswahili. Mama mmoja alikuwa akilalamikia maji. Nilikuwa nikishika neno moja kati ya matatu, nikadhani ni lahaja ya visiwa vya kaskazini ambayo sijawahi kuisikia. Nilipouliza nikaambiwa ni Shimaore. Yule mama ni raia wa Ufaransa, na kwa hiyo ni raia wa Umoja wa Ulaya. Nilikaa na jambo hilo kichwani siku nyingi.

Sasa, ilikuwaje?

Mwaka 1841 Andriantsoly, mtawala aliyekuwa ametoka Madagaska, aliwakabidhi Wafaransa Maore kwa ahadi ya malipo ya kila mwaka. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886. Baadaye vyote vinne vikawa koloni moja, na mwaka 1946 vikawa eneo moja la ng'ambo lenye utawala mmoja. Shika hapo, kwa sababu kesi nzima ya kisheria iko hapo. Koloni ilikuwa moja. Sheria ya kimataifa iliyojengwa wakati wa kudai uhuru inasema mkoloni hawezi kumega kipande cha koloni akakiweka mfukoni siku anapotoka mlangoni.

Tarehe 22 Desemba 1974 watu wa visiwa vyote walipiga kura kuhusu uhuru. Kwa jumla, karibu asilimia 95 walisema ndiyo. Lakini Maore, karibu theluthi mbili walisema hapana. Bunge la Ufaransa likaamua kwamba hatima ya visiwa itaamuliwa kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, aliyekuwa akiongoza serikali ya ndani, hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 alitangaza uhuru wa visiwa vinne, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaikubali Komoro ikiwa na vyote vinne. Februari 1976 suala likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikatumia kura ya turufu kulizima. Siku mbili baadaye Maore wakapiga kura yao peke yao, na asilimia 99 wakachagua kubaki. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaikataa kura hiyo mwezi Oktoba, kisha likaendelea kupitisha maazimio kuhusu Mayotte mwaka baada ya mwaka.

Azimio la mwisho lilipitishwa mwishoni mwa 1994. Viza ikaja Januari 1995. Dunia ilipoacha kusema, ndipo mlango ulipofungwa.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa sentensi yetu hawapendi kuligusa. Watu wa Maore walitaka kubaki Ufaransa. Hawakudanganywa wote, hawakulewa wote. Na walioongoza harakati hizo walikuwa wanawake wa kijijini. Makao makuu ya visiwa yalikuwa Dzaoudzi, Maore. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaamuliwa yahamishiwe Moroni, Ngazidja, na katika miaka ya 1960 yakahama. Ofisi zikaenda, mishahara ikaenda, na wanaume wengi wakafuata mishahara. Akina mama waliobaki na watoto wakaona wanaachwa. Wakiongozwa na kina Zéna M'Déré, wakaja na silaha ambayo sijaisikia kwingine: wakubwa walipotumwa kutoka Moroni, wanawake waliwazingira na kuwatekenya. Mbavu, makwapa, hadi mheshimiwa anapoteza heshima yake na kukimbilia chombo chake. Wanaitwa Watekenyaji hadi leo.

Ningekuwa Mmaore wa mwaka 1974, sijui ningepiga kura gani. Na aliyepiga kura ya kubaki alipotazama ng'ambo miaka iliyofuata, aliona nini? Abdallah alipinduliwa kabla uhuru haujafikisha mwezi mmoja. Tangu hapo Komoro imehesabiwa mapinduzi na majaribio yake zaidi ya 20. Ila tuseme na nusu ya pili ya hadithi, ambayo Paris huimeza. Mfalme wa mapinduzi hayo alikuwa Mfaransa, mamluki Bob Denard. Alikuwemo mwaka 1975. Alirudi mwaka 1978 na kumng'oa Ali Soilih, akakaa nchini hadi 1989 akiwa na kikosi chake cha kumlinda rais. Septemba 1995 akashuka tena Ngazidja usiku, kwa boti, na wanaume kama 30. Nyumba ya jirani ilivunjwa madirisha na mtu wa kwenu, halafu wewe unawaambia watoto: mnaona kule kulivyo?

Kuna mwenzangu atasema: stori ndefu ya nini, watu walipiga kura, mwaka 2009 wakapiga tena, asilimia 95 wakataka kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, mwaka 2011 wakawa mkoa wa 101. Demokrasia imesema. Wewe Mkenya unataka nini?

Mwaka 1997 watu wa Ndzuani, kisiwa jirani, walijitenga na Komoro na kuomba kurudi chini ya Ufaransa. Walipandisha bendera ya Ufaransa kwa mikono yao wenyewe. Paris ikasema hapana. Kwa hiyo matakwa ya watu ni matakatifu Maore, na kilomita 70 kutoka hapo ni kelele. Kama kanuni ni kura, kwa nini kura ya jirani haikuhesabika? Jibu ni kwamba Ufaransa haijawahi kuongozwa na kura pale. Imeongozwa na bahari. Kisiwa hicho kinaipa eneo la bahari na mahali pa kusimama katika Mlango wa Msumbiji, na kura ya Wamaore ilikuwa cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Na sisi je? Nyani haoni kundule. Mwaka 1962, kabla ya uhuru wa Kenya, Waingereza walituma tume ikaulize watu wa ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini. Tume ikakuta kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Uhuru ukaja na mpaka ukabaki pale pale. Vikafuata vita vya Shifta hadi 1967. Mwaka 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru ndiyo mipaka. Kanuni inayoipa Komoro haki ya Maore ndiyo hiyo hiyo iliyoibakisha Garissa, Wajir na Mandera ndani ya Kenya. Huwezi kuitumia kwa Mfaransa halafu ukajifanya huijui nyumbani.

Mimi naikubali kanuni hiyo, kwa sababu bila hiyo bara hili lingekuwa linapigana hadi leo kwa kila mto na kila mlima. Lakini nimeona pia haitoshi. Hosteli nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Garissa. Kupata kitambulisho, mimi nilienda na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, nikapigwa alama za vidole, kwisha. Yeye aliitwa mbele ya kikao cha wazee na maafisa wamhoji kama kweli ni Mkenya. Aliulizwa babu yake alizikwa wapi. Ardhi ya Garissa hatukuitilia shaka hata siku moja tangu 1963, lakini watu wake tumewatilia shaka miaka yote hiyo. Ndiyo maana siwezi kuruka ruka mtu akiniambia kwamba siku bendera ya Komoro itakapopanda Mamoudzou, mambo yatakuwa yameisha. Kushinda ardhi na kushinda watu ni kazi mbili, na serikali zetu zimezoea kufanya moja.

Sasa turudi kwa ile karatasi.

Kabla ya 1995, mtu wa Ndzuani alikuwa akienda Maore bila viza. Anauza vitunguu, anaona dada yake aliyeolewa kule, anahudhuria harusi, anarudi. Visiwa viwili viko umbali wa kilomita 70 hivi, kama kutoka Mombasa kwenda Kilifi na kuongeza kidogo. Serikali ya waziri mkuu Édouard Balladur ikaamuru kwamba kuanzia sasa Mkomoro anayekwenda Maore awe na viza. Watu wanaiita viza Balladur hadi leo. Wewe uliyewahi kuomba viza ya Ulaya unajua kinachotakiwa: taarifa za benki, barua ya mwaliko, ushahidi kwamba utarudi, pesa isiyorudishwa. Sasa mpe fomu hiyo mvuvi wa Ndzuani anayetaka kumzika mama yake.

Watu hawakuacha kwenda. Waliacha kwenda kwa njia salama. Wakaanza kupanda boti ndogo za faiba, boti za uvuvi, zinazobebeshwa watu mara mbili tatu ya uwezo wake na kuondoka usiku. Zinaitwa kwassa-kwassa. Ndiyo, jina la dansi ile ile ya Kongo ambayo wazazi wetu waliicheza, kwa sababu boti zinatikisika kama viuno. Juni 2017 Macron, akiwa hata mwezi mmoja hajaumaliza madarakani, alitania mbele ya kamera kwamba boti hizo hazivui samaki sana, zinaleta Mkomoro. Alilitamka neno Mkomoro kama mtu anavyotaja mzigo wa mkaa.

Wangapi wamezama? Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria kati ya watu 7,000 na 10,000 tangu 1995. Mwaka 2015 gavana wa Ndzuani, Anissi Chamsidine, alisema ni zaidi ya 50,000. Angalia pengo hilo. Serikali hizi mbili zinajua matokeo ya kura ya 1974 na ya 2009 hadi baada ya nukta. Lakini kwa waliozama, makadirio yanapishana kwa watu 40,000, umati wa kuujaza uwanja wa Nyayo na wengine wabaki nje. Kura ilihesabiwa kwa sababu kila upande ulikuwa na haja nayo. Maiti hazina upande unaozihitaji.

Na wanaopanda boti ni akina nani? Ni mgonjwa anayefuata hospitali ya Mamoudzou kwa sababu ya kwao haina dawa. Ni mjamzito, hospitali hiyo huzalisha watoto karibu 10,000 kwa mwaka, na ndiyo wodi ya uzazi yenye kazi nyingi kuliko zote Ufaransa. Na wengi ni watu ambao tayari wanaishi Maore. Ufaransa hufukuza kutoka kisiwa hicho kidogo zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka. Baba anakamatwa asubuhi akitoka kununua mkate, jioni au kesho yake yuko kwenye meli ya kurudi Ndzuani, watoto wamebaki nyumbani. Unadhani atakaa Ndzuani atulie? Atatafuta nauli ya kwassa.

Nalijua pingamizi: viza ikiondolewa, Komoro nzima itahamia Maore, kisiwa kizame. Wamaore wenyewe wanalisema kwa uchungu, na sitawadharau. Sensa ya 2017 ilihesabu watu zaidi ya 256,000, karibu nusu wakiwa wageni. Shule hazitoshi, watoto wanasoma kwa zamu. Mwaka 2023 kulikuwa na kipindi maji yalikuwa yakifunguliwa siku moja kati ya tatu. Vijana wanavamia magari kwa mapanga. Mtu anayeishi hapo ana haki ya kuchoka.

Lakini hebu tazama: nusu hiyo ya wageni imejaa wakati viza ipo. Miaka 30 ya viza, rada, meli za doria na misako, na hapo ndipo walipofika. Mlango ulipokuwa wazi, mtu alikuwa anakuja na kurudi, kwa sababu alijua atakuja tena. Ulipofungwa, aliyefanikiwa kuingia hakuthubutu kutoka. Akajenga banda la mabati mlimani Kawéni, akamleta mke, akazaa. Viza iliyoletwa kuwazuia watu ndiyo iliyowafungia ndani. Hata aliyepata kibali halali cha kukaa Maore amekuwa akiambiwa kibali hicho kinaishia hapo hapo. Hawezi kupanda ndege akatafute kazi Paris au Lyon. Halafu wakubwa wanashangaa kisiwa kimejaa. Umeziba chupa kwa kizibo, unailaumu soda kwa povu.

Na Mmaore mwenye pasipoti ya Ufaransa amepata nini katika mpango huu? Takwimu za serikali yake zinasema asilimia 77 ya wakazi wako chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Mshahara wa chini umekuwa mdogo kuliko wa Ufaransa bara. Misaada ya kijamii pia. Chido kilipopita tarehe 14 Desemba 2024, mabanda yalilala chini milima mizima. Mkuu wa mkoa alisema siku zile kwamba waliokufa huenda ni mamia, pengine maelfu. Hesabu rasmi ikaishia 40 hivi. Ukweli uko wapi, mabati yanajua. Linalojulikana ni kwamba wengi wasio na karatasi waliogopa kwenda kwenye makazi ya dharura, wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Fikiria upepo wa namna hiyo unakuja, na unachoogopa zaidi ni polisi.

Ufaransa nimeisema. Sasa niiseme Moroni, maana huko Addis huwa haisemwi.

Bendera ya Komoro ina nyota nne, moja ya Maore. Nyota hiyo imekuwa na faida kubwa kwa kila rais. Umeme ukikatika, nyota. Mishahara ikichelewa, nyota. Mpinzani akifungwa, nyota. Mwaka 2018 Komoro iligoma kuwapokea watu waliofukuzwa Maore, ikisema, na kwa haki kabisa, kwamba mtu hawezi kufukuzwa kutoka nchini mwake. Julai 2019 Rais Azali Assoumani akaenda Paris, akarudi na ahadi ya euro milioni 150 za maendeleo na makubaliano ya kushirikiana kuzuia uhamiaji. Watu wakaendelea kupokewa. Mwaka 2023, wakati wa Wuambushu, Azali huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Muungano wa Afrika. Mkomoro, kiti cha bara zima, na kisiwa chake kinabomolewa. Bandari ya Ndzuani ilirudisha meli ya waliofukuzwa kwa muda, halafu safari zikaendelea.

Na usiniambie Muungano wa Afrika hauna nguvu. Machi 2008 ulipeleka wanajeshi, Watanzania na Wasudani wakiwemo, wakashuka Ndzuani na kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amegoma kutoka madarakani. Ilichukua siku moja au mbili. Bacar alikimbilia wapi? Maore, kwa boti. Hakurejeshwa kesho yake kama mama mwenye mtoto mgongoni. Alisafirishwa Réunion, na miezi baadaye akapata hifadhi Benin. Kwa hiyo bahari ile inavukika vizuri tu, inategemea wewe ni nani.

Sisemi jeshi liende Maore. Nasema tuache kujifanya kwamba hakuna linalowezekana ila tamko.

Linalowezekana ni hili. Safari huru kati ya visiwa vinne, kwa kitambulisho, kwa feri zenye maboya ya kuokolea. Haihitaji Ufaransa ikubali kwamba Maore si yake, wala Komoro ikubali kwamba si yao. Nchi mbili zinazogombania shamba zinaweza kukubaliana njia ya kupita ng'ombe. Pili, daftari la waliozama: majina, vijiji, tarehe, lifunguliwe Mutsamudu na Mamoudzou, familia ziandikishe watu wao. Kisha, baada ya miaka ya watu kwenda na kurudi bila hofu, ndipo swali la bendera liulizwe upya. Na Komoro ikilitaka jibu zuri, ijenge hospitali Ndzuani ambayo mwanamke wa Maore angekubali kujifungulia. Wanawake wa Maore walishawatekenya wakubwa wa Moroni wakakimbia. Hawatarudishwa kwa azimio.

Naamini kisiwa kile ni sehemu ya Komoro. Naamini pia kwamba kila mwaka tunaotumia kulisema hilo bila kusema lingine, tunaipa Paris na Moroni nafasi ya kubishana juu ya vichwa vya watu walio majini. Mabishano ya bendera hayana haraka. Wanasiasa wanaweza kula kwayo miaka mingine 50. Boti inaondoka leo usiku.

Kenya sasa ni rafiki mkubwa wa Ufaransa, hadi mkutano wa Ufaransa na Afrika ukapangwa kufanyika hapa Nairobi mwaka 2026. Kwenye mikutano ya namna hii kuna hotuba, picha ya pamoja, na waandishi hupewa maswali mawili matatu. Mimi sina kitambulisho cha vyombo vya habari na sitarajii kupewa. Wewe ukiwa nacho, popote Macron au Azali atakapokaa mbele ya kipaza sauti, usimuulize Mayotte ni ya nani. Jibu la hilo wanalo wote wawili kwa kichwa. Muulize viza ya Balladur itafutwa tarehe ngapi, na ni ofisi gani inayoandika majina ya waliozama.